Mzee aliyetembea na kizibo cha soda ndani ya gambuti: uzi wa ganzi, neva na vinavyoziua

#1 NesiWaZamu

Wakuu, habari za jioni.

Kuna mzee tunamhudumia kliniki ya sukari kila Jumanne. Mkulima wa viazi, miaka sitini na kitu, ndiye anayechangamsha benchi zima. Wiki tatu zilizopita aliingia chumbani kwangu anatabasamu. "Mwanangu, leo nimekuletea habari njema. Ile miguu iliyokuwa inawaka moto usiku imepoa. Mizizi imejibu."

Nikamwambia babu, vua tuone. Akavuta gambuti la kulia, soksi ikatoka, na chini ya soksi kulikuwa kumegandia kizibo cha soda. Kwenye kisigino kulikuwa na duara jekundu lenye meno. Niliyahesabu: 21, sawasawa na meno ya kizibo chenyewe. Alitoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, akashuka mlima hadi barabarani, akapanda Noah, akakaa benchi mpaka saa nne. Muda wote huo alikuwa anakikanyaga. Akakichukua, akakigeuza geuza, akaniuliza, "Nani kaniwekea?"

Aliyemwekea ni mjukuu wake wa miaka mitatu, anavikusanya. Lakini swali langu halikuwa hilo. Mimi nilitaka kujua ni lini neva za miguu ya huyu mzee ziliacha kutoa taarifa, na kwa nini yeye siku hiyo aliihesabu kuwa siku ya kupona. Ndiyo maana nimefungua uzi.

Kwanza tuelewane kwenye neno, maana linatuponza. Kwa Kiswahili cha mtaani, kila kilicho kama kamba mwilini ni mshipa. Damu inapita kwenye mshipa. Shingo ikikaza, mshipa umevuta. Baba akivimba korodani, ana mshipa. Na mguu ukikosa hisia, mshipa umekufa. Hivyo ni vitu vinne ambavyo havihusiani, na kila kimoja kina tiba yake. Halafu mtu anakwenda kwa muuza dawa anasema "nisafishie mishipa", na muuza dawa anafurahi, kwa sababu hakuulizwa ipi. Humu mshipa wa damu nitauita mshipa wa damu, na wa fahamu nitauita neva.

Neva ni fungu la nyuzi. Kila uzi ni mkia wa seli moja iliyo hai. Seli inayopeleka habari za kidole gumba cha mguu wako haikai mguuni, inakaa kiunoni, pembeni mwa pingili za mgongo. Mwili wa seli yenyewe huuoni kwa macho, lakini mkia wake unashuka tako, paja, goti, kifundo, hadi ncha ya kidole. Kwa mtu mzima ni karibu mita moja. Seli hiyo ingekuwa na ukubwa wa chungwa, mkia wake ungekwenda kilomita nzima.

Sasa fikiria kazi ya kuulisha mkia huo. Karibu kila kitu kinatengenezwa kule kiunoni na kusafirishwa kushuka. Mzigo wa haraka unakwenda kama sentimita 40 kwa siku, kwa hiyo hadi unyayoni ni siku mbili tatu. Mzigo wa polepole unakwenda milimita chache tu kwa siku. Chochote kinachovuruga mwili mzima, iwe sukari, pombe, sumu au upungufu wa vitamini, kitauonea kwanza mkia mrefu kuliko yote. Ndiyo maana ganzi ya aina hii inaanzia vidoleni, miguu yote miwili kwa pamoja, inapanda kama mtu anayevaa soksi. Ikikaribia magoti, na vidole vya mikono vinaanza.

Nipo zamu, kesho naeleza habari inavyosafiri. Maswali ruksa.

#2 Kigoda_cha_Babu

Nimekaa pale, nimekuja na kahawa yangu kabisa.

Ila mkuu, mimi tangu shule najua ganzi ni damu haitembei. Ukikalia mguu vibaya damu inakatika, ukiinuka inarudi, ndiyo unasikia wale sisimizi. Sasa neva zimeingiaje?

#3 NesiWaZamu

Kigoda, uko sahihi nusu, na nusu hiyo ni ya maana.

Ukikalia mguu unaibana neva yenyewe pamoja na vijishipa vidogo vya damu vinavyoilisha. Neva nayo inakula. Ukiiachia, nyuzi zinaamka kwa fujo, kila mmoja unapiga kelele kivyake, hao ndio sisimizi wako. Hapo hakuna kilichokufa.

Kwa mwenye sukari, sukari iliyo juu miaka na miaka inaharibu hivyo vijishipa vya kuilisha neva, na inaivuruga neva yenyewe ndani kwa ndani. Kwa hiyo damu imo. Lakini mguu wa yule mzee ulikuwa wa moto, na mapigo juu ya wayo niliyapata bila kutafuta. Damu ilikuwa inafika mguuni vizuri tu. Kilichokatika ni habari. Mguu uliokosa damu unakuwa wa baridi, mapigo huyapati, na mtu akitembea kidogo mashavu ya miguu yanamuuma mpaka asimame. Wapo wenye yote mawili, na hao ndio tunaowaogopea zaidi.

#4 NesiWaZamu

Haya, habari inasafirije.

Watu wengi wanadhani neva ni waya wa umeme. Si hivyo. Kwenye waya umeme unapita moja kwa moja. Kwenye neva ni kama watu wamejipanga mstari siku ya msaragambo wanapasiana ndoo kutoka kisimani: hakuna aliyeondoka mahali pake, ila ndoo imefika. Ndoo zenyewe ni chumvi. Nje ya uzi kumejaa sodiamu, ndani kumejaa potasiamu. Ukiguswa, vijilango vinafunguka, sodiamu inaingia kwa kishindo, jirani anashtuka naye anafungua vya kwake, jirani wa jirani naye vilevile. Nyuma yao potasiamu inatoka na hali inarudi ilivyokuwa. Yote haya kwa sehemu ya elfu ya sekunde.

Waliolipima hilo vizuri ni Waingereza wawili, Hodgkin na Huxley, wakachapisha mwaka 1952 na kupata Nobel mwaka 1963. Walitumia ngisi, ndugu yake huyuhuyu tunayemnunua Feri, kwa sababu ngisi ana uzi mmoja wa neva mnene hadi milimita moja, unaweza kuuchomeka kipimo ndani. Mimi tangu niijue hiyo habari, ngisi wa kukaanga namla kwa heshima.

Nyuzi za haraka zimefungwa ganda la mafuta linaloitwa mayelini, limekatwa katwa vipande, na habari inaruka kutoka pengo hadi pengo. Ni kama basi la moja kwa moja, halisimami kila kituo. Hizo zinakwenda mita 50 kwa sekunde na kuendelea. Nyuzi nyembamba zisizo na ganda, zile za maumivu ya kuungua, zinasimama kila kituo: mita moja hivi kwa sekunde.

Umewahi kujigonga kidole kwenye mguu wa kitanda gizani? Unajua papo hapo umejigonga. Kuna kiasi kidogo cha kimya, unapata muda wa kusema "mama yangu", halafu ndiyo lenyewe linakuja. Kile kimya ni mita moja ya basi la vituo vyote.

Na neva ikiisha haijashikana na misuli. Pana upenyo mwembamba sana, na neva inarusha kemikali inayoitwa asetilikolini kuuvuka. Msuli ukiipokea unajikunja. Kisha kuna kimeng'enya kinachosafisha asetilikolini papo hapo, ili msuli ulegee. Shikeni hiyo, nitairudia.

#5 DktMizizi

Nina dawa asilia ya ganzi, kiharusi, nguvu za kiume na kuzibua mishipa yote ya mwili. Siku 14 tu. Njoo inbox.

#6 NesiWaZamu

Mganga karibu, bila shaka wewe ndiye uliyemhudumia mzee wangu.

Wakuu, hapa ndipo penyewe, someni polepole. Neva ikianza kuumia inachanganyikiwa. Inatuma taarifa za moto wakati hakuna moto. Mtu analala usiku shuka likimgusa tu anaruka. Anaweka miguu kwenye beseni la maji. Hiyo ni neva iliyo hai inayolia. Ikiendelea kuumia, inakufa, na ikifa inanyamaza. Mgonjwa anaona moto umezimika, anahesabu siku, anakuta ni wiki ya pili tangu aanze mizizi. Mizizi inapata sifa. Kesho yake anawaambia majirani.

Nikiri, na sisi wa hospitali tunachangia. Mgonjwa akisema "miguu haiumi tena" tunaandika "anaendelea vizuri" tunaita namba inayofuata. Mimi nimewahi kuandika hivyo. Wapo ambao maumivu yanapoa kwa sababu sukari imeshuka na neva imepata nafuu, hilo lipo. Namna ya kutofautisha ni kupima hisia, na hakuna njia ya mkato.

Kliniki tunatumia kijiti chenye uzi wa nailoni, ukiuona utasema ni mshipi wa kuvulia dagaa. Umetengenezwa upinde kwa uzito wa gramu 10. Unaugusa unyayoni, mgonjwa kafumba macho, anasema "nimesikia". Yule mzee niligusa sehemu kumi mguu wa kulia. Alikaa kimya. Baada ya muda akaniuliza, "Mwanangu, unaanza saa ngapi?"

Nyumbani huna kile kijiti, tumia kidole chako. Mwambie mzazi alale, afumbe macho. Mguse kwa wepesi, bila kubonyeza, kwenye ncha ya kidole gumba, cha kati na cha mwisho, mguu huu na huu. Vidole sita. Aseme ni wa kulia au wa kushoto kila akisikia. Akikosa viwili au zaidi, mpeleke kliniki, usisubiri tarehe yake.

#7 BintiKitenge

Dada nesi (samahani kama ni kaka), baba yangu yuko mwezi wa pili dawa za kifua kikuu. Sukari hana, kapimwa. Analalamika nyayo zinachoma kama kakanyaga pilipili. Anataka kuacha dawa. Tufanyeje?

#8 NesiWaZamu

Kaka, lakini dada pia naitika, nimezoea.

Binti, asiache dawa hata siku moja. Kifua kikuu kilichokatishwa dawa kinaweza kurudi kikiwa sugu. Mpeleke kesho kwenye hicho kituo anachochukulia dawa, waambie maneno hayohayo ya pilipili. Mojawapo ya dawa anazokunywa, isoniazidi, inamaliza vitamini B6 mwilini, na neva bila B6 zinaumia. Dawa yake ni kidonge kidogo cha piridoksini, ambayo ndiyo hiyohiyo B6. Walio hatarini zaidi ni wenye VVU, wenye sukari, wajawazito, wanywaji na waliokonda sana. Ukiwahi, inarudi vizuri.

#9 Mwenye_Chombo_Makini

Kumbe B6! Mimi naendesha boda, mkono ukifa ganzi nanunua vile vidonge vya neva duka la dawa, vina B1, B6 na B12. Namaliza pakiti naanza nyingine, mwaka wa pili huu. Basi niko salama.

#10 NesiWaZamu

Mkuu, simama kwanza.

Hii ni moja ya mambo ya ajabu kwenye neva: B6 ikipungua inaziumiza, ikizidi nayo inaziumiza, na dalili ni zilezile, ganzi na kuchoma. Mahitaji ya mtu mzima kwa siku hayafiki miligramu 2. Geuza pakiti yako usome, vingi vya namna hiyo vina 100 hadi 200 kwa kidonge. Kwa muda mfupi na kwa maelekezo, sawa. Ukila miaka kama karanga unaweza kuwa unatibu ganzi kwa kitu kinacholeta ganzi.

Na ganzi yako ni mkono mmoja au yote? Vidole gani?

#11 Mwenye_Chombo_Makini

Wa kulia tu. Gumba, cha shahada na cha kati. Usiku nauamsha kwa kuukung'uta. Pakiti inasema 200. Dah.

#12 NesiWaZamu

Huo si ugonjwa wa mwili mzima, ni neva moja inabanwa kwenye kifundo cha mkono, pale unapovaa saa. Mtetemo wa usukani na kukunja mkono kwenye eksileta kutwa. Nawaona hivyohivyo mafundi cherehani na akina mama wanaokanda chapati za biashara, na wajawazito. Uchunguzwe, mara nyingi wanaanza na kifaa cha kunyoosha mkono wakati wa kulala. Vidonge weka kabatini.

Na kofia ngumu uvae. Ubongo una kilo 1.3 hivi, laini kama uji wa ulezi uliopoa, na hauoti tena ukisagika. Neva ya mkononi au mguuni ikibanwa au kukatika na kuunganishwa, inaota milimita moja kwa siku, sentimita tatu kwa mwezi. Polepole, lakini inatembea. Ubongo na uti wa mgongo havina bahati hiyo.

#13 NyanyaMbivu

Mimi nalima nyanya Ilula. Uliposema kile kimeng'enya cha kusafisha nikakumbuka kitu. Msimu uliopita kijana wangu alipiga dawa ya wadudu asubuhi, bomba la mgongoni linavuja, shati limelowa mpaka suruali. Saa sita akaanza kutoka mate, machozi, jasho, anatapika, kifua kinambana. Mboni zake zikawa tundu la sindano. Tukamnywesha maziwa. Ilikuwa nini ile?

#14 NesiWaZamu

Ulikuwa na macho, mkuu. Mboni ndogo ndiyo yenyewe.

Dawa nyingi za wadudu za kundi la oganofosfeti zinafanya kitu kimoja: zinakiua kile kimeng'enya. Asetilikolini inarushwa na haisafishwi. Kila tezi inayopokea amri inaendelea kumwaga, kila msuli unaendelea kutetemeka mpaka unachoka, na wa kupumua ni msuli pia. Dawa imetengenezwa kumuua mdudu hivyohivyo. Mdudu na sisi tunatumia kemikali moja kwenye neva. Na inapita kwenye ngozi, si lazima unywe. Shati lililolowa mgongoni tangu asubuhi ni kama umeinywa kidogo kidogo.

Maziwa hayafanyi chochote hapo, na kwa anayetapika au kusinzia yanaweza kuingia mapafuni. Mvue nguo zote, wewe ukiwa umevaa glavu au hata mifuko ya plastiki mikononi, mwoshe kwa maji mengi na sabuni pamoja na nywele na chini ya kucha, kisha hospitali mbio na chupa ya dawa mkononi ili wasome jina. Kuna dawa inaitwa atropini, wanaichoma hadi mate yakauke na kifua kifunguke. Kijana anaendeleaje?

#15 NyanyaMbivu

Mzima, tulimpeleka jioni. Ila wiki mbili tatu baadaye alikuwa anasema miguu haina nguvu, anaburuta.

#16 NesiWaZamu

Mrudishe, waambie historia yote. Baadhi ya hizo dawa zina mkono wa pili: wiki chache baada ya mtu kupona, mikia mirefu ya neva inaanza kufa kuanzia miguuni. Na bomba lile, badilisha mpira wa kuzuia kuvuja kabla ya msimu.

#17 Mkurya_wa_Mpakani

Nimesoma kimya ila hapo kwenye kuburuta mguu imebidi niingie.

Mimi ni wa Tarime. Mwaka 1985 kulikuwa na ukame, nilikuwa mdogo. Mjomba wangu alilala mzima, asubuhi anainuka miguu imekaza kama mbao. Hakuwa na homa. Toka siku ile akawa anatembea kwa ncha za vidole, magoti yanasuguana, yanapishana kama mkasi. Wengine pia kijijini, watoto na wanawake hasa. Tukaambiwa ni watu wa ng'ambo ya mto wametutupia kitu. Baadaye wakaja madaktari kutoka hospitali ya KCMC Moshi wakasema ni muhogo. Nesi, muhogo unafungaje miguu ya mtu? Tunaula mpaka leo.

#18 NesiWaZamu

Mkuu shikamoo, na asante kwa kuandika hili.

Ugonjwa huo unaitwa konzo. Jina ni la Kiyaka, kule Kwango, Kongo, maana yake miguu iliyofungwa. Daktari aitwaye Trolli aliuandika mwaka 1938. Mwaka 1981 ulipiga watu wengi Nampula, Msumbiji, na mwaka 1985 ukafika kwenu. Daktari Howlett wa KCMC na wenzake wakauchunguza na kuuandikia.

Muhogo mchungu una kitu kinachotoa sianidi. Mama zenu wanajua kukiondoa: wanamenya, wanavundika mpaka unalainika na kuota ukungu, wanaanika, wanatwanga, ndiyo udaga. Kazi ya siku nyingi. Mwaka wa njaa hakuna anayesubiri siku nyingi. Muhogo unachimbwa Jumatatu, unasagwa Jumatano. Na ukame wenyewe unaufanya muhogo uwe mchungu zaidi. Halafu mwili unahitaji protini yenye salfa ili kuivunja nguvu sianidi, ile ya nyama, samaki, maharage. Mwaka wa njaa hiyo nayo haipo. Vinakutana vitatu kwenye sahani moja.

Inayoumia hapo ni tofauti na ya mzee wangu. Mzee kapoteza nyuzi za kupeleka habari juu, kwa hiyo hasikii. Mjomba kapoteza nyuzi za kushusha amri, zile ndefu kutoka ubongoni kupitia uti wa mgongo. Ukimchoma mwiba anaruka, hisia zipo zote. Ila misuli ya miguu imekosa wa kuituliza, inabaki imekaza. Na kwa kuwa zimo kwenye uti wa mgongo, hazioti tena. Ugonjwa hauzidi kuendelea, lakini haurudi nyuma.

Kuuzuia kunawezekana kwa njia rahisi mpaka inaudhi. Mbali na kuvundika vizuri, kuna njia iliyobuniwa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia: unga wa muhogo unauchanganya na maji, unautandaza mwembamba juu ya mkeka, saa 2 juani au saa 5 kivulini, sianidi inatoka hewani. Unasonga ugali siku hiyohiyo.

#19 Mkurya_wa_Mpakani

Marahaba. Mjomba alifariki 2009, na fimbo zake mbili bado zipo kwa shangazi. Wale wa ng'ambo ya mto tulikaa miaka hatuoani nao.

#20 Kigoda_cha_Babu

Duh. Kahawa imepoa.

Nesi, na wale wanaochomwa sindano ya tako halafu mtoto anaanza kuchechemea?

#21 NesiWaZamu

Tako lina neva nene kuliko zote mwilini, kama kidole. Sindano inachomwa robo ya juu ya nje, kwa sababu neva inapita chini na ndani. Mtoto mdogo tako lenyewe halijajaa, yeye anachomwa paja. Ukiona mtoto baada ya sindano wayo unaning'inia, rudi siku hiyohiyo. Na sindano za kuchomwa na jirani aliyewahi kufanya kazi duka la dawa, tafadhalini sana.

Kwa kuwa mmeuliza inbox kuhusu mbwa: virusi vya kichaa cha mbwa havipandi kwa damu. Vinaingia kwenye neva ya pale ulipong'atwa na kupanda ndani yake, uzi kwa uzi, mpaka ubongoni. Ule urefu ulioniponzea mzee, hapa ndio unaokupa muda. Osha jeraha dakika 15 kwa sabuni na maji yanayotiririka, nenda ukachanjwe leo. Aliyeng'atwa usoni au kichwani ana njia fupi, na watoto huwa wanang'atwa huko. Dalili zikishaanza, hakuna dawa.

Na baka la ngozi lisilowasha, lisilouma, ukiligusa na pamba husikii: usilipake mafuta ya mgando mwaka mzima. Inaweza kuwa ukoma. Bakteria wake wanapenda kukaa kwenye yale maganda ya neva. Dawa ni bure, miezi 6 au 12.

#22 MwanaMvita

Salaam kutoka Mombasa. Mamangu ana sukari mwaka wa kumi huu, atumia metformini. Jana usiku nimemgusa vile vidole kama ulivyoeleza. Kati ya sita amesikia vitatu. Yeye asema hapana neno, ati uzee. Na viatu hataki, atembea uani pekupeku.

#23 NesiWaZamu

MwanaMvita, mpeleke wiki hii. Waombe wampime na B12 pia, maana metformini ikitumiwa miaka mingi inaweza kuishusha, na B12 ikishuka neva zinaumia vilevile kama za sukari. Hiyo ikibainika ina tiba nzuri.

Mpaka hapo: viatu hata ndani. Beseni la maji ya moto alipime kwa kiwiko, asilipime kwa mguu, mguu hausemi kweli. Kila jioni wewe umkague nyayo na katikati ya vidole kwa tochi ya simu, kwa sababu macho yako sasa ndiyo neva zake. Na akivaa kiatu akikung'ute kwanza.

#24 MwanaMvita

Nimemwambia. Asema mwambie huyo nesi kiwiko cha mikono yangu nacho kina miaka sabini na mbili. Lakini kandambili amevaa.

#25 Kigoda_cha_Babu

Na mzee wa kizibo yu wapi siku hizi?

#26 NesiWaZamu

Jumanne alikuja. Sukari imeshuka kidogo, bado haijafika tunapotaka. Hisia hazijarudi na sikumwahidi kwamba zitarudi. Kile kidonda cha kisigino kimefunga.

Mlangoni kwangu alisimama kwenye mguu mmoja, kashikilia fremu, akavua gambuti akaligeuza juu chini. Ikadondoka punje moja ya mahindi. Akainama akaiokota, akaitia mfukoni, akaingia. "Mjukuu," akasema, kabla sijauliza.